Oboe ya Kifaransa Mjini Vienna

Roswitha Zehetner alirudi Jumatatu asubuhi kwenye duka la ala za muziki alikoinunua oboe, ile zumari ya okestra, mkoba wa oboe kaukumbatia kifuani kwa hasira.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpiga pasi kwenye duka moja la dobi katika mtaa wa Ottakring, na kila Alhamisi aliipangia viti okestra ya mtaa, akakaa nyuma kuwasikiliza. Oktoba iliyopita mpiga oboe wa pili alistaafu. Mwongozaji akamwambia: ukijifunza hadi Pasaka, kiti ni chako.

Akajifunza miezi mitano, bafuni, taulo kalisokomeza chini ya mlango ili jirani asigonge ukuta. Alhamisi iliyopita akakikalia kiti. Alipuliza sauti tatu tu. Egon, mpiga oboe wa kwanza, akageuka.

"We Rosi, ndiyo nini hiyo? Umetuletea bata wa Paris?"

Okestra nzima ikaangua kicheko. Oboe ya Vienna ina kichwa kilichovimba kama kitunguu, na ulimi wake wa tete, ule wa kupulizia, ni mfupi, mpana. Ya Roswitha ilikuwa nyembamba, imejaa vibonyezo: ile ya Kifaransa inayopigwa karibu dunia nzima, isipokuwa hapa. Sauti yake haikukaa na ya Egon, na mahali pa vidole alipopazoea palikuwa pa chombo kingine.

"Bwana Wimpissinger," alimwambia muuzaji, "nilikwambia naitaka ya okestra ya Ottakring. Nilikwambia, sikukwambia?"

"Uliniambia, mama. Lakini hii inamfaa anayeanza. Ni ya plastiki, haipasuki kwa baridi..."

"Wewe unapiga ipi?"

Ukutani nyuma ya muuzaji alikuwepo yeye mwenyewe pichani, bado kijana, kichwa cha kitunguu kinamchungulia mkononi.

"Ya hapa."

"Mimi ukanipa ya kule. Kwa nini?"

"Za hapa ni chache, mama, mtu husubiri zamu. Na watu wa umri wako wanaanza Oktoba, Desemba wameshaacha. Nilidhani..."

"Ulidhani nitaacha."

Roswitha akaiunganisha oboe palepale juu ya kaunta, akapiga ngazi nzima ya sauti, kupanda na kushuka, kisha akairudia. Mikono yake iliyoungua mara mia kwa pasi haikukosea hata kibonyezo kimoja. Wimpissinger akatazama sakafu. Alipoinua uso aliingia chumba cha nyuma, akatoka na oboe kuukuu ya mti mweusi, yenye kichwa cha kitunguu.

"Tubadilishane. Ipashe joto kwapani kabla ya kupuliza. Imelala miaka mingi, usiipige zaidi ya dakika kumi kwa siku, itapasuka."

Aliichukua bila asante.

Pasaka ikafika, vidole bado vinapotea kwenye oboe ya mti mweusi; dakika kumi kwa siku hazikutosha. Roswitha akapanga viti kama kawaida. Egon alipotupa koti lake kwenye kiti cha oboe ya pili, Roswitha akaliokota na kumrudishia kifuani.

"Bado una hasira, Rosi?"

"Bado. Na usiweke kitu hapo. Kina mwenyewe."