Chafu! Rudia

Mimi ni mchapaji wa steshenari hapa Mbinga mjini. Nimechapa wosia, barua za posa na katiba za vikundi visivyomaliza mwaka. Hakuna aliyenitesa kama Mwalimu Gertruda Ndunguru wa Kitura, mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyeamua kusoma stashahada kwa njia ya masafa.

Mimi huchapa karatasi. Yeye alichapa watoto. Kwa miaka thelathini, daftari lenye mkato mmoja tu, neno moja lililopigwa mstari, lilirudi kwa mwenyewe na maneno mawili ya wino mwekundu: Chafu! Rudia. Fimbo ilifuata. Nusu ya wilaya ina alama zake, na si zote ziko kwenye daftari.

Basi chuo kikampangia mkufunzi aitwaye Glorious, mtu wa Mbamba Bay, ambaye darasa la tano alisoma kwake, enzi Mwalimu akifundisha kule Tingi. Siku anapiga simu, Mwalimu alikuwa dukani kwangu, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba."

"Insha yako nimeisoma. Umepata sifuri."

Sikushangaa, niliichapa mwenyewe. Swali lilimtaka aeleze njia ya kuhifadhi udongo katika eneo lake. Mwalimu, ambaye ndiye huandika risala zote za shule, alianza na "Ndugu mgeni rasmi." Akamshukuru Mungu, paroko na kamati ya shule, akaingia mafanikio, akashuka changamoto, na kwenye hitimisho akaomba bati sitini. Udongo ulipata sentensi moja.

Insha ya pili ilikuwa safi kama kitambaa cha altare, na ilisema machache kama kitambaa hicho hicho. Kwenye vyanzo aliandika: "Kila mtu anajua." Akafeli tena. Nafasi zilikuwa tatu. Akianguka ya tatu, jina linafutwa chuoni. Na kinamama wa jumuiya yake walikuwa wameshashona sare za vitenge vya mahafali. Angeziona kila Jumapili mpaka zichakae.

Akampigia Glorious kutoka dukani kwangu.

"Mwalimu, safari hii usikimbilie kuandika. Lichambue swali kwanza. Uliza watu, panga hoja zako, halafu andika vibaya."

"Niandike nini?"

"Vibaya. Hiyo ndiyo rasimu. Kata, ongeza, hamisha, na ukiridhika ndipo unaandika safi. Rasimu nayo uniambatishie, niione."

"Glorious, unalipiza kisasi?"

"Hapana, Mwalimu. Haya, kidogo."

Mwalimu alikata simu, akatukana kwa Kimatengo, akaenda zake shambani. Ilikuwa Machi. Mumewe, Baba Urbani, alikuwa amefyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima ukawa miraba. Hiyo ni kazi ya wanaume. Wanawake huja na majembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo, na maharage hupandwa juu ya matuta. Ndiyo ngoro zetu, mashimo yanayozuia mvua isibebe udongo wa mteremko. Mwalimu amefukia majani hayo tangu ujana, na hakuwahi kumwambia mumewe kuwa ni machafu, arudie.

"Kumbe majani yanalazwa ili yafukiwe, kama hiyo rasimu!" alikuja kuniambia, kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemficha.

Kule shambani alikaa pale pale kwenye tuta, akamhoji mumewe kwa kalamu, na tarehe akaiandika. Tangu hapo Baba Urbani hashikiki. Jina lake liko kwenye marejeo, na ukurasa huo alinidai nakala tano, akazipeleka kilabuni.

Rasimu ilipofika mezani kwangu niliogopa. Ilikuwa mikato, mishale, aya nzima iliyohamishiwa nyuma ya karatasi, na doa la udongo. Mwalimu alisimama nyuma yangu, akiifunika kwa kanga kila mteja alipoingia. Aliona aibu kweli, na mimi nisiye na huruma nilimhurumia. Kisha akaibana pamoja na insha niliyochapa, akazituma kwa basi.

Baada ya wiki tatu bahasha ilirudi kwa basi. Insha ilikuwa na sitini na nane. Amefaulu! Mimi nilipiga kigelegele, yeye akaipita alama hiyo bila kuitazama, akafunua rasimu. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, Glorious alikuwa ameandika: Chafu! Hakuna kurudia.

Mwalimu aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja akalia kwa sauti, foleni yote ya fotokopi ikimtazama.

"Nilimchapa," akasema. "Mkato mmoja tu, na mimi nilimchapa."