Jagi Dirishani

Muuguzi wa wodi ya wanaume hapimi mkojo kwa kutupa jicho. Hulibeba jagi mpaka dirishani, huinama hadi macho yawe sawa na mistari, hunusa, kisha husema kwa sauti ile ile ya kuulizia chai: "Umepungua." Vidole vyake vimepauka kwa sabuni. Kathini amelizoea neno hilo tangu mumewe, Muindi, aletwe amevimba miguu, baada ya kuharisha huku akipasua mawe juani na kutafuna vidonge vya maumivu ya mgongo kama njugu. Vipimo vya damu vinaonyesha sumu inapanda. Mkojo ukikatika, figo zimeacha kazi kabisa, na mashine ya kusafisha damu ina foleni.

Kathini huuza maziwa Ukunda na anajua kipimo kinavyojazwa. Asubuhi hii alilipitisha jagi bombani, akatia maji, apate kusikia "Umeongezeka," japo mara moja.

"Sista, leo amejitahidi. Si mtupe ruhusa twende nyumbani?"

Muuguzi akaenda dirishani, akainama, akanusa.

"Na maziwa yako wayauza hivi hivi, mama?"

"Nimeongeza kidogo tu."

"Na kidogo chake mgonjwa ki wapi?"

Halikuwamo hata tone la Muindi. Muuguzi hakumkaripia. Alimwaga maji, akalisuuza jagi, akalirudisha chini ya kitanda.

Alasiri alilibeba tena mpaka dirishani, tupu, akainama vilevile mpaka kwenye mistari, akatazama. Safari hii hakusema "Umepungua."