Spika Zilizomnyamazisha Mzee Nzioka

Mwanangu, nakumbuka vizuri asubuhi ile Mwalimu Kimeu alipofika kibandani kwangu katika soko la mji wa Wote, nyuma yake vijana wawili wakihema chini ya spika mbili kubwa za mbao. Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Mimi nilikuwa fundi wa redio, mwanamke peke yangu katika kazi hiyo pale sokoni, na sikuwa na subira na mteja aliyeniuliza fundi mwenyewe amekwenda wapi. Mwalimu Kimeu hakuwahi kuniuliza hivyo. Alikuwa amestaafu ualimu, akabaki kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, na ndiye aliyerekodi kwaya za pande zile katika chumba kidogo nyuma ya kanisa.

Spika zenyewe kanisa lilizipata kutoka studio moja ya Nairobi iliyofungwa. Hazikuwa za dansi. Spika za studio hutengenezwa zitoe sauti kama ilivyo, bila kuipamba, ili mwenye kurekodi ajue hasa amenasa nini. Mwalimu aliziamini kama alivyoyaamini macho yake.

"Mwende, hizi ziko na makelele," akaniambia. "Juzi nimerekodi yule kijana wa besi, yule mwenye kifua. Kijana mzima, na anakwaruza kama Mzee Nzioka."

Jina hilo nililifahamu vizuri. Mzee Nzioka aliimba besi katika kwaya yetu tangu mimi nikiwa mtoto. Alipoimba, ungeihisi sauti yake kwenye benchi ulilokalia. Kisha zikaja siku ambazo kila alipoteremka chini kabisa, kanda ikichezwa kwenye spika zile ilitoa mkwaruzo, na sauti yenyewe ikawa haina uzito. Wakamwambia ni makohozi ya uzee. Akanywa asali na tangawizi, akaacha maji baridi, mkwaruzo ukabaki. Wengine walisema kanisani bado anaimba vizuri, lakini Mwalimu akawajibu kwamba kanisani kuta zinambeba, spika ndizo zinazosema ukweli. Mwishowe akamwambia mbele ya kwaya nzima, "Mzee, sauti imekwisha. Wacha vijana waendelee." Mzee Nzioka akaweka kitabu cha nyimbo juu ya benchi, akatoka. Haukupita muda, akahamia mbali, Kambu, kwenye shamba la mwanawe; hayo yalitokea zaidi ya mwaka kabla ya asubuhi ile.

Basi niliondoa kitambaa cha mbele cha spika ya kwanza, nikagusa ukingo wa sponji kwa kidole. Ukavunjika, ukanibaki mkononi kama masizi yaliyoloa. Nikagusa upande wa pili, nao ukamong'onyoka. Ukingo huo, mwanangu, ndio unaoishika koni, ile karatasi inayotoa sauti, ili iende mbele na nyuma bila kuyumba. Ukioza, koni hulegea na hewa ikavuja, na ule waya uliozungushwa katikati ukawa unajisugua kwenye sumaku. Sauti nyembamba hazidhuriki sana. Sauti nzito ndiyo inayoumia, kwa kuwa ndiyo inayoisukuma koni mbali zaidi.

Nilijua pia kwamba sponji haiozi kwa wiki moja, kwamba huenda ilikuwa imeoza tangu siku za Mzee Nzioka, lakini hilo nililiweka moyoni. Niliogopa kumwambia Mwalimu, mzee ninayemheshimu, neno ambalo sikuwa nimelihakikisha.

Ukingo mpya wa aina ile haukupatikana Nairobi wala Mombasa. Nikaamua kutumia ngozi ya mwanambuzi, ile nyembamba, niliyoiparua na kuilainisha kwa mafuta ya mbarika kama mama zetu walivyolainisha ngozi za kubebea watoto. Ya kwanza ilikuwa ngumu, koni ikakataa kusogea, nikaibandua na kuanza upya. Nikakwangua gundi kuukuu kidogo kidogo nisitoboe karatasi. Nikafungua kifuniko cha katikati, nikachomeka vipande vya filamu ya picha kuizunguka sumaku ili waya ukae sawasawa, ndipo nikagandisha ukingo kwa gundi ya viatu. Kazi hiyo haitaki haraka wala kelele za watu wa soko, na nilimfukuza zaidi ya mtu mmoja mlangoni. Gundi ilipokauka nilitoa filamu, nikaisukuma koni kwa vidole huku nimeweka sikio karibu. Haikugusa popote.

Mwalimu alipokuja kuzichukua, nilimwomba alete kanda ya mwisho aliyoimba Mzee Nzioka. Akaenda kuileta bila kuuliza sababu.

Tuliiweka. Soprano wakaingia, wakafuata wengine, halafu Mzee Nzioka akateremka. Sauti ilitoka nzima, nzito, bila mkwaruzo hata kidogo, hadi misumari niliyoiweka kwenye kopo ikaanza kutetemeka. Mwalimu akavua kofia yake.

"Rudisha," akasema. Nikairudisha kanda. Akasikiliza pale pale tena, akaniomba niirudishe mara nyingine, kisha akakaa kwenye kreti la soda na kujifunika uso kwa ile kofia.

Nilimhurumia sana. Nikatafuta maneno ya kumpunguzia. "Mwalimu, si wewe. Ni sponji iliharibika. Tumtumie tu ujumbe arudi, tuseme besi wamepungua. Hakuna haja ya kueleza watu haya yote."

Akaitoa kofia usoni. Hakupaza sauti, lakini sijasahau alivyoniangalia.

"Mwende, sponji haikumfukuza mtu. Ni mimi nilimfukuza. Watu walinambia huyu mzee anaimba, nikawanyamazisha. Mimi mwenyewe nilikuwa namsikia kila Jumapili na haya masikio, nikakataa. Sasa unataka nimdanganye mara ya pili?"

Niliona haya.

Kwetu, neno la kumshusha mtu likisemwa mbele ya watu, halifutwi kwa siri. Jumapili iliyofuata Mwalimu alisimama mbele ya kanisa akiwa na spika moja na ile kanda. Akawapigia watu kanda hiyo, akaeleza alichokosea, akasema anakwenda Kambu. Kuna waliolia, na kuna walionung'unika kwamba anajiaibisha bure. Hao wa pili aliwapita tu.

Mimi na Mwalimu tulikwenda na pikapu ya kanisa, tumepakia spika, redio kaseti na betri ya gari, na mbuzi mmoja, maana mzee hamwendei mzee mwenzake kuomba msamaha mikono mitupu. Mzee Nzioka alitupokea vizuri, akatuketisha. Alikuwa amekonda. Mkewe, Mama Syombua, alileta chai, na hakuna aliyeharakisha mazungumzo. Kikombe kilipokwisha Mwalimu akainuka, akasema yote akiwa amesimama, bila kutaja sponji hadi mwisho.

Kisha nikaunganisha waya kwenye betri, nikaipiga kanda.

Mzee Nzioka alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Wimbo ulipomalizika aliuliza polepole, "Huyo ni mimi?"

"Ni wewe," Mwalimu akamjibu.

"Kwa hivyo sauti nilikuwa bado niko nayo."

Mama Syombua ndiye aliyetuambia yaliyobaki. "Tangu atoke huko Wote hajaimba. Hata kuchunga mbuzi anachunga kimya. Mimi nilimwambia aimbe hapa nyumbani, hakuna mtu wa kumcheka. Alisema hataki kusumbua masikio ya watu."

Mwalimu alipiga magoti. Mzee Nzioka akamshika mkono, akamwinua. "Nimekusamehe, Kimeu. Umetoka mbali na umesema kama mwanaume. Rudisha hiyo kanda, niimbe nayo."

Nikairudisha. Wimbo ukaanza, na ilipofika zamu yake akafungua kinywa. Ilitoka pumzi tu, na sauti kavu iliyokatika kabla ya kufika chini. Akajaribu tena. Kwenye spika alikuwa akiimba kwa nguvu zake zote, na kwenye kiti alikuwa ameshika koo. Sauti ilikuwa imelala muda mrefu mno, na safari hii ilikuwa imekwisha kweli. Akatuashiria kwa mkono tusiizime kanda. Tukakaa, sote wanne, tukaisikiliza hadi mwisho, na mkewe akalia waziwazi.

Mwanangu, nimezeeka sasa, na nawasikia vijana mkiambiana "wewe umeisha" kama mzaha. Utakuja kuwa mwalimu, au msimamizi wa kazi, au mzazi, na watu wataletwa mbele yako uwapime. Kabla ya kumwambia mtu kwamba hafai, kagua kwanza kile unachompimia. Fungua kitambaa, uguse kwa kidole. Na kama wengi wanakuambia wanasikia kitu ambacho wewe hukisikii, usikimbilie kuwanyamazisha. Ukigundua umekosea, usitafute sponji ya kulaumu, na usikawie. Nenda upesi, useme pale pale uliposemea. Msamaha Mwalimu aliupata, na nashukuru kwa hilo, lakini alifika Kambu Mzee Nzioka akiwa ameshaamini alichoambiwa, na mwili wake nao ukaamini.

Mungu akupe masikio yenye subira, mwanangu. Aulinde ulimi wako usimzimie mtu yeyote kipawa chake, na wewe, siku watakapokuambia umekwisha, akuwekee nyumbani mtu wa kukuambia uimbe, na akupe moyo wa kumsikia.