Mhakiki Aliyeniita Mwizi

Wadau, nimewahi kuitwa mwizi kwa maandishi, na mali niliyoiba ni yangu mwenyewe.

Ngoja niwape mkanda mzima.

Mimi nafundisha ushairi wa Kilatini. Msicheke. Mama yangu akiulizwa na majirani anasema, "Anafundisha lugha fulani, wenyewe wameshakufa." Ujana wangu wote umeishia humo, na bado chuoni nilikuwa mtu wa mkataba wa muhula kwa muhula. Ofisi yangu ilikuwa meza nyuma ya mashine ya fotokopi. Wanafunzi walikuwa wakija kutoa kopi, wananikuta nasoma mashairi kwa sauti, wanaomba radhi na kutoka.

Mkuu wa idara akaniambia, "Dada, nafasi ya kudumu iko moja. Kitabu chako kikipita kwa mhakiki, ni yako. Kisipopita, mkataba ukiisha tunaagana kwa amani."

Nikaandika kitabu kuhusu mashairi ya maombolezo. Sehemu kubwa nilichota kwenye tasnifu yangu, kazi niliyoitolea jasho chini ya mwalimu wangu. Yeye sikumwambia kitu. Mwanzoni niliweka ukurasa wa kumtunukia kitabu, nikataka kiwe zawadi ya kushtukiza.

Sasa sikilizeni hapa. Kitabu huenda kwa mhakiki bila jina. Yeye hakujui, wewe humjui. Kanuni inataka ufute kila kinachokutambulisha. Kwa utiifu wangu wa kijinga, nikafuta kila mahali nilipoitaja tasnifu yangu. Na ule ukurasa wa mwalimu nikautoa.

Majibu yakaja: "Mwandishi huyu ni mwizi. Amebeba tasnifu ya mwanamke mmoja makini sana bila hata kumtaja. Asipewe nafasi popote."

Kwanza nilicheka. Halafu nikayabeba majibu hayo hadi ofisini.

"Bosi, huyo mwanamke makini ni mimi," nikamwambia mkuu wa idara.

"Najua."

"Sasa si umwambie?"

"Akikujua tu, uhakiki unabatilika. Tuanze upya na nani? Hadi tumpate mwingine anayesoma Kilatini, nafasi itakuwa imeshafungwa."

"Kwa hiyo nafukuzwa kwa kujiibia?"

Akaanza kupanga karatasi zake. "Kanuni ni kanuni, dada."

Nilitoka pale na hasira. Yule mhakiki nilimlaani kwa Kiswahili, kikaniishia, nikamalizia kwa Kilatini.

Mwisho wa wiki nikaenda kwa mwalimu wangu nikamlilie. Mzee ameshastaafu, na tangu mkewe afariki amekuwa mtu wa kujikunyata kitini. Siku hiyo nilimkuta amekaa wima.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mguu mzuri, nina habari ya kukufurahisha."

Akanimiminia chai mwenyewe.

"Kuna mwizi aliibeba tasnifu yako, neno kwa neno. Wakaniletea mimi nihakiki. Niliitambua ukurasa wa kwanza tu. Nimemkomesha, hatakanyaga chuo chochote. Yaani mimi nipo hai, halafu mtu akuibie wewe?"

Kikombe kilibaki mkononi. Kunywa nilishindwa, kukiweka chini nilishindwa.

"Mbona kimya? Hujafurahi?"

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia, mzee, umenimaliza. Nikamtazama alivyokaa, anasubiri shukrani, na uso una nuru ambayo sijaiona tangu msiba.

"Asante, mwalimu," nikasema.

"Haya, nawe wamekupa ile kazi ya kudumu?"

"Bado wanajadili."

"Watakupa tu. Wampate wapi mwingine kama wewe?"

Wadau, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kinaweza kukula huku kinakupenda. Zawadi ya kushtukiza mpelekee mtoto. Mtu mzima anayekupenda, mwambie mapema unachopika, asije akamwaga sufuria akidhani anakuokoa na sumu.

Ule ukurasa nilioutoa ninao hadi leo. Una jina lake.