Kalenda ya Chef Sévère

Msimwambie Capitoline habari za kusamehe. Masera Spès, mtawa wa parokia, alijaribu, padri akajaribu, hata bwana mmoja wa semina ya amani alijaribu na mabango yake ya rangi. Wote aliwapa viti, akawasikiliza kwa adabu, kisha akaendelea kuchukia palepale alipokuwa ameachia. Kinyongo chake kilikuwa na jina na sura: Sévère.

Wakati wa vita huyu Sévère, ambaye watu walimwita Chef, yaani mkubwa, alikuwa na vijana wenye bunduki na barrière yake, kizuizi cha kukagua wapita njia, kwenye barabara ya Lubarika, katika bonde la mto Ruzizi mpakani na Burundi. Mwaka 2001 Protais, kaka yake Capitoline, mkulima wa mpunga wa Bwegera, alipita pale na rafiki yake Ndahiro, mchunga ng'ombe wa milimani aliyekuwa akishusha maziwa bondeni. Hawakurudi. Mama yake Protais, mzee Ninahazwe, alipokwenda kuwaulizia, alimkuta Sévère anakula muhindi wa kuchoma. Hakuacha hata kutafuna.

"Balivuka Ruzizi, Mama. Muende muulize kule Burundi."

Basi! Mzazi wa watu anajibiwa hivyo na mdomo uliojaa mahindi. Capitoline alikuwa amesimama nyuma ya mama yake siku hiyo, na neno lile lilimkaa kooni tangu hapo.

Na katika ukoo wao kilio hakifungwi hivi hivi. Siku ya kifo ijulikane, mahali pajulikane, ndipo jamaa wakutane, wanywe, wamtoe mfiwa kwenye msiba. Wenyewe huita kuganduka. Ninahazwe hakuwa na siku wala mahali. Miaka kumi hakukanyaga harusi, hakuonja pombe mbele za watu. Ukimkaribisha anakujibu taratibu, "Minye ningali mu kilio." Wajukuu walikua wakidhani mabibi wote ndivyo walivyo. Capitoline alikuwa akitaka kitu kimoja tu maishani: mdomo ule uliokula mahindi useme siku na useme mahali, kabla mama yake hajafa na kilio chake.

Yeye alikuwa ameshuka mjini Uvira, akajifunza ordinatere, yaani kompyuta, akafungua secrétariat, kiduka cha kuchapa, karibu na soko: meza, imprimanti ya kuchapia, na grupu ya petroli ya kuzalisha umeme, inayonguruma nje. Mwaka mzima ni barua na mitihani ya shule, lakini ikifika Desemba ni kalenda. Kwaya wanataka kalenda, wauza dawa wanataka, mabibi harusi wanataka. Capitoline alikuwa na modeli yake ndani ya Word, juu pa kuweka foto, chini visanduku vya siku. Na alikuwa na makro, yaani amri ambazo ameifundisha mashine mara moja: unaandika mwaka, unabonyeza, nayo inajaza siku zote, inaweka watakatifu, inatafuta Pasaka inaangukia lini. Wateja walikuwa wakishangaa kama watoto. Yeye alikuwa akijibu kwamba ngoma ni kufundisha, kubonyeza hata mbuzi angeweza.

Desemba 2010 nani akaingia pale mlangoni? Sévère! Tumbo mbele, tai nyekundu, vijana wawili nyuma. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, naye anautaka ubunge. Milimani risasi zingali zikilia, wenziwe wengine wangali porini, yeye tayari amekuwa Mheshimiwa mtarajiwa. Anataka kalenda zenye sura yake, zigawiwe bonde lote, nyumba kwa nyumba.

"Na batakatifu usibasahau," akasema. "Batu ba bonde habatundike kalendrie bila batakatifu."

Hakumtambua. Atamtambuaje? Aliowaliza ni wengi mno. Capitoline akasema, "Karibu, Chef," huku roho inamuuma mpaka anaona giza.

Alimfanyia modeli nzuri. Lakini lo, yule mtu kwa kusahihisha! Siku ya kwanza akaja juu: alizaliwa Nyakabere mwaka sitini na mbili, si sitini na tatu. Kesho yake akarudi: madarasa aliyojenga ni manne, nani ameandika matatu? Akarudi tena: tai imetoka rangi ya chungwa, watu watasema nini? Hata Capitoline alipoisifu pikipiki yake kwamba imedumu miaka, akampiga breki. "Ile niliangukaka nayo si hii. Ile iliisha. Agosti 2001, unakumbuka? Uvira yote ilijua. Tarehe kumi na mbili nilikuwa ku lopitali, mguu umevunjika, uko mu plâtre, mwezi muzima!"

Hapo ndipo akili ikamgonga Capitoline. Kumbe mtu huyu, ukimwita mwuaji, atacheka. Ukimkosea tarehe, hawezi kunyamaza hata umfunge kitambaa mdomoni.

Sévère akaweka saini kwenye nakala ya mfano, akaenda zake. Capitoline akafungua makro, akaongeza mstari mmoja. Kwenye kisanduku cha tarehe kumi na mbili Agosti, chini ya mtakatifu, kwa wino mwekundu: *Kifo cha Protais na Ndahiro, 2001, mikononi mwa Sévère.* Aliogopa? Aliogopa sana, akampeleka binti yake kwa shangazi. Kisha akabonyeza, na imprimanti ikaanza kutema sura ya Sévère, karatasi juu ya karatasi.

Sévère mwenyewe akazigawa! Kwa mkono wake, pamoja na zawadi za kofia na chumvi, Bwegera, Lubarika, Nyakabere. Watu hupenda kwanza kuona Krismasi itakuwa siku gani, kwa hiyo wiki ya kwanza ilipita kimya. Wiki ya pili bonde zima lilikuwa limefika Agosti.

Sévère alitua secrétariat na vijana wake kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Ndani mlikuwa mmejaa: Masera Spès anasubiri mitihani yake, mwalimu mkuu Anastase na walimu wake, akina mama wa kwaya. Sévère akatupa kalenda mezani.

"Weye mwanamuke! Nani alikulipa?"

"Chef, kuna kosa?" Capitoline akauliza.

"Kosa! Ananiuliza kosa! Tarehe kumi na mbili Agosti minye niko ku lopitali, Masera huyu hapa alinileteaka uji! Nitaua batu na mguu mu plâtre?"

"Ni kweli," Masera Spès akasema. "Nilikuletea."

"Munasikia? Uongo mutupu!" Akawageukia watu wote, kidole juu, jasho linamtiririka. "Mu Agosti bale batu balishakufa zamani! Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, nyuma ya depo ya mpunga, pale ku mufereji wa Lubarika! Pasaka na Agosti ni wapi na wapi?"

Nje grupu iliendelea kunguruma. Sévère alikuwa bado na kidole juu alipoona macho ya watu, akakishusha polepole.

"Aksanti, Chef," Capitoline akasema. Akavuta kiti, akafungua makro mbele yake, akaandika 2001, akabonyeza. Mashine ikatafuta Pasaka ya mwaka ule. Jumatatu yake iliangukia tarehe kumi na sita Aprili. "Nitarekebisha."

Vijana wawili wa Sévère ndio waliotangulia kutoka.

Wanakijiji walichimba pale nyuma ya depo, padri na mwalimu mkuu wakishuhudia, ndugu zake Ndahiro wakiwa wameshuka kutoka milimani. Ninahazwe aliutambua mkanda wa mwanawe. Tarehe kumi na sita Aprili, Jumamosi, ukoo ulikutana Bwegera, na yule mama akanywa mbele za watu, akalia, akacheka, akaomba aongezewe.

Ukutani kwake kuna kalenda mpya. Sura ya Sévère iko palepale, na tai nyekundu sawasawa, ila maneno yamehamia Aprili na yameongezwa: *kama alivyosema mwenyewe.* Capitoline alizichapa upya zote, kwa karatasi yake, na hakuna nyumba iliyokataa.

Sévère mwenyewe hajaonekana tena tangu siku ile. Wageni wakifika secrétariat wakiiona ile kalenda, huuliza bwana huyu yuko wapi siku hizi. Capitoline haachi hata kutafuna muhindi wake.

"Alivuka Ruzizi," husema. "Muende muulize kule Burundi."