Pedali Zilizonikatalia Kushuka

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokutana na ng'ombe wa Mzee Godana nikiwa juu ya baiskeli, na miguu yangu ikakataa kushuka. Ilikuwa penye malka, yaani ile njia ya mifugo inayokatiza mashamba kwenda kunywa maji mtoni Tana. Nimeikumbuka tangu juzi, uliponionyesha kwenye simu pedali za aina mbili, ukaniuliza, "Mjomba, kwa safari ndefu, zipi hazitaniumiza, za mikanda au za kunasa?" Nilikuambia nitakuandikia, kwa sababu jibu ni refu kuliko swali.

Miaka ile ya mwisho ya tisini, mafuriko makubwa yalipokwisha kupungua, kazi yangu ilikuwa kubeba maziwa. Kulipokucha nilitoka kwetu, kijiji cha Wapokomo chenye migomba na mpunga, nikaenda kijiji cha Waorma upande wa malishoni. Huko nilipokea maziwa nikayakimbiza kwenye hoteli za chai mjini Garsen kabla jua halijayachachisha. Ng'ombe ni wa mwanamume, lakini maziwa kwa Waorma ni ya mwanamke, na hakuna mume anayeyatia mkono. Aliyeyakusanya ya majirani zake wote alikuwa Mama Hawo, mke wa Mzee Godana. Mitungi yake aliifukiza moshi wa mti mpaka chai ya Garsen yote ikawa na harufu ile, na watu wakaipenda.

Mama Hawo alinipa kazi kwa sharti moja. "Maziwa yangu hayabebwi na mtu asiyejua kushuka," alisema. Sikuhitaji kuelezwa. Kwetu ukikutana na mzee njiani unashuka kwenye baiskeli ndipo unatoa salamu. Na ukikutana na ng'ombe wanaokwenda maji, unashuka, unasimama kando, unangoja hadi wa mwisho apite. Hiyo si adabu tupu. Ng'ombe humjua mtu anayetembea. Mtu anayeteleza kimya juu ya chuma hamjui. Hushtuka, na ndama wakatawanyika mashambani. Na ng'ombe wakiingia mashambani, mwanangu, mkulima na mfugaji huanza kuzungumza maneno ambayo huchukua miaka kuyarudisha mdomoni.

Basi kazi ile niliishika kwa mikono miwili. Kaka zangu wawili walikuwa wamekwisha kwenda Madogo kupakia magunia kwenye malori, na mama yetu alibaki na mimi tu. Nikikosa maziwa ya Mama Hawo, njia iliyobaki ilikuwa hiyohiyo ya Madogo.

Baiskeli yangu ilikuwa ile nyeusi, nzito, ya breki za vyuma, unayoiona mpaka leo. Raba za pedali zilikuwa zimelika zikawa laini kama sabuni, na mguu wenye tope uliteleza kila nilipokanyaga kwa nguvu. Kwa hiyo nilifanya walivyofanya wachukuzi wote: nilikata ukanda wa tyubu kuukuu, nikaufunga juu ya pedali, mguu ukapita chini yake. Ukanda ulishika. Lakini niliufunga kwa kuukaza, na nikifika Garsen vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilidhani kosa ni la ukanda.

Ndipo akatokea mgeni mmoja, mzungu mrefu mwenye baiskeli nyepesi, anatoka Malindi anakwenda Lamu. Askari kwenye kizuizi walimkatalia kuendelea kwa baiskeli. Siku zile njia ya Lamu haikuwa salama, na hata mabasi yalisindikizwa. Nilimsaidia kuifunga baiskeli yake juu ya basi. Alikuwa ameamua kwamba safari yake ya kukanyaga imeishia Garsen, basi akafungua pedali zake na kuvua viatu vyake, akanipa. Akanionyesha: chini ya soli kuna kipande cha chuma, ukikanyaga pedali kinanasa, tak, ukitaka kutoka unapeleka kisigino nje, kinaachia.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilikuwa naujua msemo huo, na msala ulikuwa unapita na basi la Lamu mbele ya macho yangu, lakini pedali zilikuwa mkononi.

Skrubu za pedali hizo zilikubali kwenye baiskeli yangu. Viatu vilinizidi kidogo, nikajaza kitambaa kwenye ncha za mbele. Rafiki yangu Kazungu, Mgiriama aliyekuwa akibeba makaa, aliponiona natembea navyo sokoni, ko, ko, ko, alishika tumbo.

"He, Buya! Umeota kwato?"

"Hivi ni viatu vya mbio, wewe."

"Mbio za nani? Maziwa au mbuzi?" Kisha akainama akakitazama kile chuma, akaacha kucheka. "Ndugu yangu, tope letu hili jeusi hunasa trekta. Kichuma kidogo namna hii kitapona?"

Nikamwambia anione wivu taratibu.

Nisiseme uongo, ule mwanzo ulikuwa mtamu. Nchi ilikuwa kavu. Mguu haukuteleza tena, nguvu yote ilikwenda kwenye gurudumu, na vidole havikufa ganzi. Lakini baada ya siku kadhaa goti la kulia lilianza kuuma kwa ndani. Nilichunguza, maana nina tabia ya kutokiacha kitu mpaka kiniambie sababu yake. Nilitembea bila viatu kwenye mchanga nikazitazama nyayo zangu: mguu wa kulia huelekea nje kidogo. Kile chuma kilikuwa kimeulazimisha uelekee mbele moja kwa moja, na goti ndilo lililolipa. Nikakilegeza, nikakigeuza kiufuate mguu, na maumivu yakaondoka. Hapo nikajiona fundi. Nimejua kiatu, nimejua pedali. Nilichokuwa bado sijakiuliza ni njia.

Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi nilifika kwa Mama Hawo, tukafunga mitungi nyuma ya baiskeli kwa mipira. Pale penye bonde niliisukuma baiskeli kwa miguu, tope likajaa chini ya soli. Ng'ambo nilikung'uta viatu mara mbili tatu, nikapanda, nikakanyaga mpaka nikasikia tak, tena tak, nikashika njia ya juu ya tuta. Jua lilitoka kali. Udongo ule unaujua, mwanangu: ukiwa maji ni gundi, ukikauka ni saruji.

Nilipokaribia malka niliwaona. Ng'ombe wa Godana walikuwa wanapanda tuta, pembe zinapishana, na mzee mwenyewe mbele yao, fimbo mabegani, mkono mmoja juu ya kila ncha. Aliniona. Akasimama kando ya njia kuningoja nishuke tusalimiane.

Nikapeleka kisigino nje. Kimya. Nikajaribu wa kushoto. Kimya. Nikapiga breki kidogo, baiskeli ikayumba, mitungi ikayumba nayo. Nikaachia breki nisije nikaanguka. Nikasonga mbele polepole, nakunja visigino kulia na kushoto juu ya pedali kama mtu anayecheza ngoma akiwa amekaa. Ng'ombe wa kwanza akainua kichwa. Ndama mmoja akarudi nyuma kuelekea mpunga wa watu.

"Wewe kijana," Mzee Godana aliita, "hapana ona watu?"

"Naona, baba! Asalaam alaykum!"

Salamu juu ya baiskeli. Nilisikia ilivyotoka, nikaona na uso wake ulivyofunga. Hakuitikia.

"Shuka."

"Siwezi, baba."

"Hapana weza, ama hapana taka?"

"Miguu imenaswa! Wallahi imenaswa!"

Baiskeli ilikuwa imeishiwa mwendo. Ilianza kulala upande, na mimi nayo, na maziwa ya wanawake wa kijiji kizima pamoja nasi. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, wanasema. Walionena hayo hawakubeba maziwa ya Mama Hawo. Nilifumba macho.

Sikuanguka. Mzee alikuwa ametupa fimbo, ameshika usukani kwa mkono mmoja na kiti cha nyuma kwa mwingine, ametanua miguu kama anayemshikilia fahali. Tukabaki hivyo, mimi juu, yeye chini, na ng'ombe wake wakaanza kupita huku na huku, wanatunusa. Yule ndama alimwona mama yake anasonga, akarudi njiani. Ng'ombe walikuwa wengi. Mzee alipumua kwa nguvu lakini hakuachia, na mimi sikuthubutu hata kukohoa. Mzee wa watu, aliyestahili kusimamiwa na mimi, alinisimamisha mpaka mkia wa mwisho ukapita.

"Sasa toa mguu," akasema.

"Kiatu hakitoki, baba."

"Mimi nasema kiatu? Mimi nasema mguu."

Ndipo nikainama nikafungua kamba za viatu, nikachomoa miguu, nikashuka peku. Viatu vikabaki vimening'inia kwenye pedali, vinatutazama. Nikampa mkono, nikamsalimu upya, naye sasa akaitika. Akaniuliza habari za mto, za mama, za mpunga, zote kwa utaratibu wake, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana. Kisha akagonga kiatu kimoja kwa kidole.

"Nani nafunga wewe hivi?"

"Nimejifunga mwenyewe."

Hapo alicheka, mara moja tu. Akafungua kamba ya ngozi aliyoizungusha kiunoni, ile ya kumfunga ng'ombe miguu ya nyuma wakati wa kukamuliwa. Aliifunga kwenye nguzo ya baiskeli yangu, akaivuta kuonyesha ilivyokaza. Kisha akashika ncha iliyobaki nje, akaivuta kwa vidole viwili, na fundo lote likafunguka.

"Ngombe nashtuka wakati hapana sema wewe," aliniambia. "Nyoka napita, mutu napiga kelele. Kama fundo yako nataka mikono mbili na maneno mingi, ngombe navunja mguu, ama navunja wewe. Kwetu mutoto hapana pewa ngombe kukamua mpaka najua kufungua. Kufunga, kila mutu najua."

Aliokota fimbo akawafuata ng'ombe mtoni, na ile kamba akaiacha imening'inia kwenye baiskeli.

Nilifika Garsen peku, maziwa salama. Jioni nilirudisha pedali zangu za raba. Kamba ya mzee niliikata vipande viwili, nikaifunga juu ya pedali kwa fundo lake, ncha ikitazama nje. Na niliifunga ikashika unene wa mguu, si vidole, wala sikuikaza. Ganzi haikurudi tena. Kumbe halikuwa kosa la ukanda.

Asubuhi iliyofuata sikujua kama nitapewa maziwa. Mama Hawo alitoka nje, hakunitazama usoni. Alinitazama miguu kwanza. Kisha kamba. Kisha akasema, "Leo umekuja na miguu yako?"

"Nimekuja nayo, mama."

Akainua mtungi wa kwanza akanipa.

Basi, mwanangu, jibu lako ni hili. Pedali za kunasa si mbaya. Nilizipanda na najua utamu wake. Kama njia yako ni lami ndefu isiyo na vituo vingi, zinafaa. Ila tazama kwanza nyayo zako mchangani, na chuma kiufuate mguu. Goti likianza kulalamika usilinyamazishe. Legeza ile springi ya pedali inayokishika kiatu, jifunze kunasa na kunasua ukiwa umeshika ukuta, siku nyingi, kabla hujaingia barabarani. Ukiona mbele kuna la kukusimamisha, toa mguu mmoja mapema, usingoje ufike. Lakini kama njia yako ni kama zetu, tope leo na vumbi kesho, ng'ombe hapa na mtumbwi pale, na watu wa kusalimu kila kona, chukua mikanda. Uipitishe penye unene wa mguu, uilegeze mguu utoke kwa kurudi nyuma tu. Starehe ya mpanda baiskeli si kushikwa sana. Ni kushikwa kiasi cha kuachiwa.

Na neno hili lichukue hata siku usiyopanda baiskeli. Utaitwa kujifunga na mengi: kazi, rafiki, ahadi, ndoa. Jifunge, maana asiyejifunga kwa chochote huteleza kila akikanyaga. Lakini kabla fundo halijakaza, ijue ncha yake iko wapi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi langu lilisalimika kwa sababu mkuu mwenyewe alitupa fimbo akanishika.

Mungu akupe njia ndefu na magoti yasiyochoka. Akupe pia wa kukushika siku miguu itakapokukatalia, na ukikutana na wakubwa wako njiani, miguu hiyo ishuke kabla hujaambiwa. Amina.