Msusi wa ngumi moja

Kitana kiko mdomoni, shungi la nywele za bandia linaning'inia begani, na mteja ameshaketi kwenye kigoda, shingo kaiinamisha. Mama Koleo anauinua mkono wake wa kulia kwa kutumia ule wa kushoto, taratibu, kama anayembeba mtoto aliyelala, anautua juu ya kichwa cha mteja. Kisha anakamata kishungi cha nywele na kukipenyeza chini ya kidole gumba cha mkono huo uliojifunga ngumi. Kinanasa. Mkono wa kushoto unaanza kusokota.

"Usiogope, hakiachii," anamwambia mteja. "Hata mimi mwenyewe nikikiambia kiachie, hakinisikii."

Mteja anacheka. Wengi hucheka mara ya kwanza.

Saluni yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba: kioo kilichopasuka pembeni, ndoo ya maji, benchi la wanaosubiri na redio inayokoroma. Kwenye kigoda cha pili mdogo wake anasuka mistari, kazi ambayo dada mtu haiwezi tena. Mistari inataka vidole kumi. Kusokota kunataka vitano na kitu cha kushikilia, na kitu hicho Mama Koleo anacho.

Miaka minne iliyopita alikuwa amesimama hapahapa akimsuka bibi harusi, kitana kikamponyoka. Akakiokota, kikamponyoka tena.

"Nikamwambia bibi harusi, leo nina mikono ya mafuta," anakumbuka. "Nilidhani natania, kumbe ndiyo naondoka."

Alipopata fahamu alikuwa hospitali, na upande wa kulia haukuwa wake. Kiharusi. Mguu ulirudi baada ya miezi kadhaa, kwa kuchechemea. Mkono kwanza ulilegea tepetepe, halafu ukaanza kujikunja pole pole, wiki hii kidogo, wiki ijayo kidogo. Vidole vinne vikajifungia kiganjani, kidole gumba kikalala juu yake kama komeo.

Kazi ilirudi kwa bahati. Siku moja amekaa kwenye benchi, kanuna, kapakatishwa nywele za bandia huku mdogo wake akimhudumia mteja. Mdogo mtu akavuta shungi, halikutoka. Lilikuwa limenaswa na kidole gumba cha ngumi. Akavuta tena kwa nguvu, wapi!

"Tukaangaliana," anasema mdogo mtu. "Nilimsogezea kigoda tu."

Basi mambo yakawa mambo. Mteja mmoja mwenye maneno akambatiza jina la Koleo, na jina likamganda. Watu walikuja kusokotwa, na wengine walikuja kushangaa tu. Waliokuwa wamemlilia sasa wakamsifu: mwanamke wa shoka huyo, Mungu hamtupi mja wake. Na ni kweli alikuwa wa shoka. Mwandishi wa habari hizi angekuwepo naye angepiga makofi, na angekuwa amekosea kama wengine wote.

Maana hospitali walikuwa wamemwambia arudi. Mkono ule ulitakiwa kunyooshwa kila siku, na kama ungezidi kukaza, ungechomwa sindano ya kulegeza misuli. Alikwenda mara mbili, akaacha.

"Niende nikafunguliwe mkono unaonilisha?" anauliza, kisha anatikisa kichwa. "Nilimwona daktari kama mtu anayetaka kuninyang'anya kazi. Na sifa zilinilevya, mwanangu. Mtu akishasifiwa kwa kilema chake, hataki tena kupona. Najuta, sitaki kukuficha."

Ngumi nayo haikusimama pale ilipokuwa. Ilizidi kukaza. Kucha za vidole vinne zikaanza kuchimba kiganja. Kila Ijumaa jioni mdogo mtu alifunga kitambaa kwenye mpini wa kijiko, akaupenyeza pale palipobaki na upenyo, akakata alichoweza kukifikia.

"Yeye analia, mimi nalia," anasema Mama Koleo. "Majirani walidhani tunagombania urithi. Urithi wenyewe uko wapi, ndoo na vigoda?"

Kisha ikaja harufu. Kiganja kisichoona hewa wala maji kinavunda, na mkono wa msusi hukaa karibu na pua ya mteja kuliko kitu kingine chochote. Watu wazima walivumilia. Wengine walianza kusema, kwa heshima zote, kwamba leo wangependa mistari, yaani wangependa kigoda cha pili. Mama Koleo alielewa ila alijifanya haelewi. Mpaka siku alipoketishwa mtoto wa miaka mitano, akageuza uso juu na kusema kwa sauti, "Mama, mkono wa bibi unanuka."

Mama yake alimfinya. Saluni nzima ikainamia simu zao. Mama Koleo alimaliza kichwa kile, akakataa malipo, akaingia ndani na kujifungia.

"Mtoto hakunikosea," anasema. "Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia ukweli miaka yote hiyo."

Siku iliyofuata walikwenda hospitali, yeye na mdogo wake. Walielekezwa kwenye chumba cha ultrasaundi, na nje ya chumba hicho benchi zima lilikuwa la wajawazito. Mmoja akasogea wapate nafasi, akauliza kwa ukarimu, "Na nyie mama zangu, nani kati yenu?"

"Mimi," akajibu Mama Koleo akiinua ngumi. "Mimba ya mkono hii, na imepitiliza siku zake."

Benchi zima lilicheka, naye akacheka nao. Anasema hicho ndicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho siku ile.

Mashine iliyozoeleka kutazama watoto tumboni hutazama misuli vilevile. Daktari wa viungo, mwanamke mpole asiyepoteza maneno, anaeleza kwa nini anaitumia kabla ya kugusa sindano.

"Kwa kushika na kukunja tu, mkono wote unauona mgumu," anasema. "Msuli uliokaza lakini uko hai, na msuli uliokwisha kugeuka kovu na mafuta, yote miwili itakugomea sawasawa. Sindano inausaidia ule wa kwanza. Ule wa pili haina cha kuufanyia. Ndiyo maana nataka kuona ndani."

Alimpaka jeli ya baridi kwenye mkono, chini ya kiwiko, akatelezesha kifaa. Kwenye kioo cha mashine likatokea wingu jeupe, limeenea kila mahali.

"Kumbe kweupe!" Mama Koleo akasema kwa furaha.

Daktari aliupaka jeli mkono wa kushoto, ule mzima, akauweka kwenye kioo ili mgonjwa alinganishe mwenyewe. Msuli mzima ulikuwa mweusi, wenye nyuzi nyembamba nyeupe zilizojipanga vizuri. Ule wa kulia ulikuwa ukungu mtupu.

"Mama, hapa weupe si habari njema," alimwambia. "Hii ndiyo misuli ya vidole vinne. Sehemu kubwa imeshageuka. Ungekuja mwaka ule wa kwanza, tungezungumza mengine."

Kisha kifaa kikateleza hadi upande wa gumba, na hapo kioo kikaonyesha weusi. Si weusi kamili, umeanza kufifia pembezoni, lakini msuli wa kidole gumba uko hai. Kwa maoni ya daktari, huenda umesalimika kwa kuwa ndio uliokuwa ukifanya kazi.

Hapo ndipo mtihani ulipo. Msuli pekee ambao sindano inaweza kuulegeza vizuri ni ule unaonasa nywele za watu. Kidole gumba kikilegea, komeo limefunguka: kiganja kitaoshwa, kidonda kitapona, na vile vinne vinaweza kunyooshwa kidogo kwa kibao cha kufungia mkono. Havitasuka tena. Na koleo halitakuwepo. Dawa hudumu miezi mitatu hivi, na katika muda huo gumba linatakiwa kufundishwa upya kubana na kuachia kwa amri ya mwenyewe. Wapo wanaoweza. Wapo wasioweza. Daktari hakumwahidi kitu.

"Na nikikataa?" Mama Koleo aliuliza.

"Huu nao utakuwa mweupe, mama."

Waliondoka bila jibu. Jibu lilitoka siku ya tatu, wanakula.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Mama Koleo alisema. "Mimi nimekifanyisha kimoja kazi ya vitano, nikajiona mjanja. Acha nacho kipumzike. Nikachomwe."

Sindano ni kesho asubuhi. Mpango wake ni mdogo, na anausema bila kuupamba: kuosha kiganja chake mwenyewe, kwa sabuni. Baada ya hapo, mazoezi. Gumba likijifunza kushika kitana, atarudi kwenye kigoda. Lisipojifunza, atakaa kwenye benchi na kuwachangamsha wateja kwa mdomo, "maana huo haujapooza."

Anasema ana hofu. Anasema vilevile kwamba hofu hii alipaswa kuwa nayo zamani, ingemfaa.

Mteja wa mwisho ameondoka. Mdogo mtu ameshika fagio, anakusanya nywele sakafuni. Mama Koleo anakigonga kigoda.

"Keti."

"Mimi? Dada, umechoka wewe."

"Keti, nimesema. Kesho nitakushika na nini?"

Mdogo mtu anaegesha fagio ukutani, anafungua kitambaa cha kichwa, anaketi. Mkono wa kulia unatuliwa juu ya utosi wake. Kishungi cha kwanza kinapenyezwa chini ya gumba, kinanasa. Cha pili. Cha tatu. Redio imezimwa. Mdogo mtu amefumba macho, na machozi yanamshuka.

"Nakuumiza?"

"Hapana."

"Nilegeze?"

"Kaza, dada," anasema. "Kaza zikae."